Kamba ya Kupimia Mbingu

Leo twataka kuwaeleza jambo lililotupata sisi waalimu wa chuo kimoja cha ualimu karibu na mji wa Morogoro, maana ndilo lililotutia katika kazi ya kutunga mazungumzo haya. Lilianza kwa nazi moja.

Tulikuwa tukiwafundisha wanachuo wetu habari za jua, mwezi na nyota, na hesabu za elimu hiyo ni kubwa hata masikio huziba. Mwalimu asemapo kwamba jua li mbali nasi kadiri ya kilometa milioni 150, mwanafunzi huandika, hupiga mstari chini yake, wala hasikii kitu. Kwake milioni 150 ni sawa na milioni 15, na zote mbili maana yake ni "mbali sana." Basi siku ile tuliviacha vitabu tukatoka hadi uwanja wa mpira. Tulichukua nazi kubwa iliyofuliwa, upana wake sentimeta 14, tukaiweka juu ya kigingi karibu na goli, tukasema, "Hili ndilo jua." Kisha tukapiga hatua 15, kila hatua meta moja, na hapo tukaweka juu ya karatasi nyeupe punje moja ya ulezi. "Na hii ndiyo dunia yetu, pamoja na bahari zake zote, na mlima Kilimanjaro, na watu wote walio hai na waliokwisha kufa."

Vitu vyote tulivipunguza kwa kadiri moja. Kila meta ya uwanjani ilikuwa badala ya kilometa milioni 10 za mbinguni. Mwezi ulikuwa chembe ya mchanga mwembamba, karibu sentimeta 4 kutoka kwenye ulezi, na safari zote za wanadamu tangu kuumbwa kwao hazijapita ujirani wa chembe hiyo. Mushtari, iliyo kubwa kuliko sayari zote, ilikuwa komwe moja dogo la bao, meta 78 kutoka kwenye nazi. Neptuni, sayari ya mwisho, ilikuwa punje ya choroko, na yule aliyeichukua alikwenda meta 450, akapita barabara, akaingia katika shamba la watu. Katikati ya somo kuku alikuja akaidonoa dunia, ikatubidi kuweka ulezi mwingine.

Ndipo tukawauliza wanachuo: "Sasa nyota iliyo jirani yetu, yaani jua lingine kama hili letu, tuweke wapi nazi yake?" Mmoja akasema juu ya milima ya Uluguru. Mwingine, aliyejiona jasiri, akasema Dar es Salaam. Tukafanya hesabu ubaoni, na jibu likawa kilometa zaidi ya 4,100. Nazi ya pili yapasa kuwekwa Cairo, katika nchi ya Misri! Na kwa hakika huko Cairo zahitajiwa nazi mbili, kwa maana nyota ile tuionayo kuwa moja ni mbili zizungukanazo, na upande huu wa Cairo wahitajiwa mpira mdogo usiozidi upana wa komwe kubwa, ndiyo nyota ndogo ya tatu iwafuatayo wenzake. Zaidi ya hizo, toka Morogoro hata Misri hapana nyota nyingine hata moja.

Yule mzee mwenye shamba alikuwa amekuja kuona kwa nini vijana wanaweka choroko moja moja katika matuta yake. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, tukamweleza yote. Alisikiliza kwa adabu hata mwisho. Kisha akauliza, "Wanangu, kamba ya kupimia huko aliishika nani?"

Tukajibu kwamba imeandikwa vitabuni. Mzee akatabasamu. "Kumbe hamkupima. Mmesoma." Akaokota choroko yetu akaturudishia, akaenda zake kupalilia.

Jambo lile lilitusumbua sana usiku ule. Mwalimu awezaye kutaja kipimo asiweze kutaja kamba yake, kwa nini aaminiwe kuliko mtu mwingine yeyote asemaye maneno makubwa? Wanachuo wale watakuwa waalimu, nao watasimama mbele ya watoto mia, na katika mia hao atakuwapo mmoja wa kuuliza swali la mzee. Basi tulianza upya, na haya ndiyo tuliyopaswa kumjibu.

Kamba iko, wala hakuna aliyepanda nayo mbinguni. Ilianza hapa chini, nayo imeungwa kipande kwa kipande.

Kipande cha kwanza ni kivuli cha fimbo. Katika nchi ya Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alikuwako mtu mwenye elimu, Eratosthenes, mtunza vitabu wa mji wa Alexandria. Alipata habari kwamba huko kusini, katika mji uitwao leo Aswan, iko siku moja kwa mwaka ambapo jua la adhuhuri husimama juu ya utosi hata huangaza maji yaliyo ndani ya kisima. Lakini Alexandria siku ile ile fimbo ilikuwa na kivuli. Akapima kivuli, akaona jua limeinama kwa sehemu moja katika sehemu 50 za duara nzima. Basi akasema, mwendo wa toka Aswan hata Alexandria ni sehemu moja katika 50 za mzingo wa dunia. Alichohitaji tena ni mtu wa kupima njia hiyo ardhini, na njia ilikuwa imekwisha pimwa.

Jambo hilo sisi wa nchi hizi twaweza kulijaribu kwa urahisi kuliko Wayunani, maana kwetu jua hupita utosini mara mbili kila mwaka. Hapa Morogoro hupita mnamo tarehe 3 Machi na tena mnamo tarehe 10 Oktoba. Siku hiyo simamisheni fimbo ya meta moja iliyonyoka, kisha ngojeni saa ile kivuli kinapokuwa kifupi kuliko nyakati zote za siku. Msiifuate saa ya ukutani, kwa kuwa jua halilazimiki kuwa utosini saa sita kamili. Kivuli kitatoweka. Siku iyo hiyo mwenzenu aliye Mwanza ataona kivuli chenye urefu kama upana wa vidole vinne, yaani sentimeta 7 na nusu. Kwa kivuli kile hesabu husema kwamba Mwanza iko kaskazini ya Morogoro kwa sehemu moja katika 84 za mzingo wa dunia, na kwa kuwa twajua ya kuwa kutoka usawa wa Morogoro hata usawa wa Mwanza ni kilometa kadiri ya 478, mzingo wote ni kilometa 40,000. Hakuna kitabu kilichohitajiwa hapo ila cha kuandikia hesabu.

Kipande cha pili chataka kidole kimoja na macho mawili. Nyosheni mkono mbele, inueni kidole, fumbeni jicho la kushoto, kisha lifumbueni mfumbe la kuume. Kidole chaonekana kuruka mbele ya ukuta, ingawa hakikutikisika. Kisogezeni karibu na pua, nacho huruka zaidi. Kipelekeni mbali, huruka kidogo. Basi ajuaye umbali wa jicho moja hata jicho la pili, akapima na ule mruko, aweza kujua kidole ki mbali kadiri gani, asikiguse. Mwaka wa 1672 wanafalaki wa Ufaransa walifanya vivyo hivyo kwa sayari ya Mirihi. Jicho moja lilikuwa Paris, na la pili lilikuwa Cayenne, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika Amerika ya Kusini. Kwa kipimo kile wakapata umbali wa Mirihi, na kwa umbali wa Mirihi wakapata umbali wa jua. Hawakufika kwenye hesabu kamili tuliyo nayo leo, lakini walikaribia sana.

Kutoka hapo ilipatikana kamba iliyo bora kuliko zote, nayo ni nuru. Zamani watu wengi walidhani nuru haina mwendo, kwamba taa iwashwapo nuru yake iko kila mahali mara moja. Mwaka wa 1676 Mdenmark mmoja, Ole Rømer, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alionyesha kuwa sivyo. Mushtari ina miezi yake, na mmoja wa miezi hiyo huizunguka kwa saa 42 na nusu, na kila mzunguko huingia kivulini ukapotea. Rømer aliona kwamba dunia yetu inapokwenda mbali na Mushtari, mwezi ule huonekana kuchelewa, na dunia inapoikaribia, huonekana kuwahi. Mfikirieni tarishi atokaye mjini kila siku saa ile ile kukuletea barua, nawe u safarini. Kila siku atachelewa kidogo kuliko jana, si kwa uvivu wake, bali kwa kuwa njia yake yazidi kurefuka. Rømer akafahamu kuwa nuru ni tarishi.

Leo twajua kuwa tarishi huyu huenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Aweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kabla hamjamaliza kusalimiana. Mawimbi ya redio yanayowaletea sauti hii yana mwendo huo huo, maana ni ndugu wa nuru. Wala hatujui kitu chochote kiwezacho kupita mwendo huo.

Lakini hebu turudi uwanjani. Tuliwaambia wanachuo wapunguze mwendo wa nuru kwa kadiri ile ile tuliyopunguzia jua na dunia. Wakapiga hesabu, wakapata sentimeta 3 kwa sekunde. Sentimeta 3! Huo ni mwendo wa jongoo. Mwanachuo mmoja alikwenda akamtafuta jongoo chini ya mwembe ili tumtazame. Basi jongoo atokapo kwenye nazi hufika kwenye ulezi baada ya dakika 8 na sekunde 20, na ndivyo nuru ya jua ifanyavyo kila asubuhi kuja kwenu. Jua mlionalo ni jua la dakika 8 zilizopita. Aende hata kwenye choroko ya Neptuni, zaidi ya saa 4. Kisha apite shamba la mzee, ashike njia ya kaskazini, apite Dodoma, Sudan na jangwa, asilale wala asipumzike, naye atafika Cairo baada ya miaka 4 na miezi kadha wa kadha. Hicho ndicho kitu chepesi kuliko vyote katika ulimwengu.

Sisi wenyewe hatujafika hata pale. Mwaka wa 1977 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Voyager 1, ambacho kimekwenda mbali kuliko kitu chochote kilichotengenezwa kwa mikono ya watu. Kimesafiri karibu miaka 50, mbio zaidi ya risasi ya bunduki. Katika mfano wetu kimefika kadiri ya kilometa mbili na nusu kutoka kwenye nazi. Mtu aliyepanda mti uwanjani angaliweza kukiona kilipo.

Mwajuaje, basi, kwamba nyota ile ni Cairo, wala si Khartoum? Hapa kamba huungwa kwa namna ya kidole na macho mawili, lakini macho ya Paris na Cayenne hayatoshi tena, kwa kuwa yamekaribiana mno. Yatakiwa macho yaliyoachana kilometa milioni 300. Na macho hayo tunayo! Dunia hulizunguka jua kwa mwaka mmoja, kwa hiyo nyota itazamwayo mwezi wa Januari yatazamwa tena mwezi wa Julai kutoka ng'ambo ya pili ya duara. Shida ni udogo wa mruko. Ule wa nyota jirani yetu, ukipimwa kwa nusu ya duara hilo, ni kama upana wa sarafu ya sentimeta 2 itazamwayo toka mbali kilometa 5 na nusu.

Kazi hiyo ilifanywa hapa Afrika. Mskoti mmoja, Thomas Henderson, alitumwa kusimamia nyumba ya kutazamia nyota huko Cape ya Afrika Kusini, akapima mahali pa nyota hiyo mwaka wa 1832 na 1833. Ninyi nyote mmeiona nyota yenyewe. Jioni za mwezi wa Mei na Juni tazameni kusini, mtaona Msalaba wa Kusini, na upande wake wa kushoto nyota mbili kali ziuelekeao. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri. Henderson alirudi kwao na hesabu zake, lakini hakuziamini, akakawia kuzitangaza. Alikuwa mtu mwangalifu mno, na uangalifu wake ulimgharimu, kwa maana mwaka wa 1838 Mjerumani Friedrich Bessel alitangaza umbali wa nyota nyingine, akawa wa kwanza. Henderson alifuata mwaka wa 1839. Hata hivyo hesabu yake haikuwa kamili. Nyota ile iko mbali zaidi kuliko alivyodhani. Katika siku zetu kazi ile ile imefanywa na chombo kiitwacho Gaia, kilichorushwa na mataifa ya Ulaya mwaka wa 2013, nacho kilizitazama nyota karibu bilioni mbili hata kilipomaliza kazi yake mwaka wa 2025. Bilioni moja ni milioni elfu.

Tangu hapo wanafalaki waliacha kuhesabu kwa kilometa, wakahesabu kwa mwaka wa nuru, yaani mwendo aendao tarishi wetu kwa mwaka mzima. Alpha Centauri i mbali miaka 4 na theluthi. Sirius, nyota iliyo kali kuliko zote za usiku, ionekanayo juu sana jioni za Februari na Machi, i mbali miaka 8 na nusu. Mtoto wa umri huo aitazamapo, nuru imwingiayo jichoni ilianza safari alipozaliwa. Sisi tunaokaribia miaka arobaini twaweza kuitazama Arcturus, nyota yenye rangi ya chungwa upande wa kaskazini jioni za Juni, ya miaka 37. Na Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitazama tangu zamani wapate kujua majira ya kulima, ki mbali kadiri ya miaka 440. Nuru yake iwafikiayo usiku huu iliondoka katika karne ile ile Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus ya Mombasa, mwaka wa 1593. Tutazamapo mbali twatazama zamani, wala hapana njia nyingine ya kutazama.

Mwanachuo mmoja, ambaye babaye alifariki yeye akiwa angali mchanga, aliomba apewe nyota ya miaka 25. Tukamwonyesha Vega, iliyo upande wa kaskazini jioni za Agosti. Nuru ile iliondoka huko babaye akiwa hai. Kijana hakusema neno. Aliandika jina la nyota katika daftari lake na tarehe ya siku ile, akaingia ndani.

Sasa kwa mbali sana hata macho ya kilometa milioni 300 hupofuka, na hapo kamba ingalikatika kama si bibi mmoja wa Marekani. Jina lake Henrietta Leavitt. Alikuwa na uziwi, naye alifanya kazi katika nyumba ya nyota ya chuo cha Harvard, ya kukagua picha za nyota. Mjue shida yenyewe ilivyo. Ukiona taa mbali usiku, huwezi kujua kama ni kibatari kilicho karibu au karabai iliyo mbali. Lakini tuseme karabai hupepesa polepole na kibatari hupepesa upesi. Basi kwa kuhesabu mapepeso ungalijua taa ni ya namna gani, na ukijua namna yake, ukilinganisha na ukali uuonao, wajua i mbali kadiri gani. Ziko nyota zivimbazo na kunywea, zikang'aa na kufifia kwa siku zilizopangwa. Bibi Leavitt alizitafuta katika picha zilizopigwa Peru, picha za yale mawingu mawili madogo ya nyota yaonekanayo kusini hata kwetu, yaitwayo Mawingu ya Magellan. Mwaka wa 1912, kwa nyota 25 za lile Wingu Dogo, alionyesha kwamba kadiri nyota inavyokawia kupepesa ndivyo ilivyo na nuru nyingi. Aliwapa wanafalaki taa zenye alama. Alifariki mwaka wa 1921, hakuona kamba yake ilifika wapi.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1923, Edwin Hubble alikuwa juu ya mlima Wilson katika California, akiipiga picha ile alama nyeupe iitwayo Andromeda. Alama hiyo haikuwa ngeni. Al-Sufi, mwanafalaki Mwajemi, aliitaja kuwa kiwingu kidogo katika kitabu chake cha nyota cha mwaka wa 964 hivi. Wengi walidhani ni wingu la moshi lililo ndani ya kundi letu la nyota, na kwamba kundi hilo ndilo ulimwengu mzima. Hubble akaona ndani yake taa moja ya Bibi Leavitt. Alipohesabu mapepeso yake akapata kadiri ya miaka 900,000 ya nuru. Haikuwa moshi. Ilikuwa kundi jingine zima la nyota, nje kabisa ya letu.

Nayo hesabu yake ilikuwa pungufu! Mwaka wa 1952 Walter Baade alieleza kwamba nyota hizo zipepesazo ni za namna mbili, nao walizichanganya, kama mtu auzaye nguo kwa fimbo ya meta iliyopunguka. Vipimo vyote vya mbali vikazidishwa mara mbili. Leo Andromeda yajulikana kuwa mbali miaka milioni 2 na nusu. Twalitaja kosa hilo makusudi, maana mzee wetu alipolisikia ndipo alipoanza kutusadiki. Alisema mtu akuonyeshaye fundo bovu katika kamba yake, huyo alikuwa ameishika kweli.

Lakini mfano wa nazi umekwisha kutushinda. Kwa kipimo kile, kundi letu la nyota, ambalo twaliona kwa ubavu wake kuwa ule mkanda mweupe wa usiku wa giza uitwao Njia Nyeupe, lingekuwa na upana wa kilometa karibu milioni 95. Haliwezi kuwekwa juu ya dunia. Ilitubidi tuikunje nazi na Cairo na yote, tutwae ungo.

Ungo wetu ulikuwa na upana wa nusu meta. Huo ni Njia Nyeupe nzima, nao ni mfano mzuri, kwa kuwa kundi letu nalo ni bapa. Ndani yake mna nyota zisizopungua bilioni 100. Mtu azihesabuye moja kwa kila sekunde, mchana na usiku, angehitaji miaka zaidi ya 3,000. Jua letu halimo katikati. Liko karibu nusu ya njia kuelekea ukingoni. Na nyota zote mzionazo kwa macho matupu, karibu zote, zimo katika mahali palipofunikwa na ncha za vidole viwili. Ungo wa pili, wa Andromeda, mkubwa kuliko wetu, tuliuweka mbali hatua 12 na nusu. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka: nyota zimeachana kama nazi ya Morogoro na nazi ya Cairo, lakini makundi ya nyota yamekaribiana kama nyungo katika ua mmoja.

Ua huo ni mkubwa. Mwaka wa 1929 Hubble alitangaza kwamba makundi yaliyo mbali yazidi kwenda mbali, nayo yaliyo mbali zaidi huenda kwa mbio zaidi, jambo ambalo padre Mbelgiji, Georges Lemaître, alikuwa amekwisha liandika mwaka wa 1927. Nafasi yenyewe yatanuka. Wakirudisha hesabu nyuma, wanafalaki hupata kwamba kutanuka huko kulianza miaka bilioni 13 na milioni 800 iliyopita. Darubini iitwayo James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, imeonyesha makundi ambayo nuru yake imekuwa njiani zaidi ya miaka bilioni 13. Na kwa kuwa njia ilirefuka huku tarishi akiwa safarini, mahali pa mbali kabisa ambapo nuru yake yaweza kuwa imetufikia pako leo umbali wa miaka bilioni 46. Kwa kipimo cha ungo, ni kilometa 230. Basi kutoka uwanja wetu jazeni nyungo, kubwa na ndogo, hata Dodoma. Jazeni hata Dar es Salaam na Unguja na bahari iliyo ng'ambo yake. Kisha zijazeni juu angani kadiri iyo hiyo, na chini ya ardhi kadiri iyo hiyo.

Tarehe 10 Oktoba tulisimamisha fimbo uwanjani, na mzee alikuja, amevaa kanzu safi. Rafiki zetu wa Mwanza walikuwa wamesimamisha ya kwao. Kivuli chetu kilizidi kunywea kikapotea chini ya fimbo, na mzee aliinama akapapasa ardhi kuizunguka pande zote. Mwanza wakatupigia simu: sentimeta 7 na nusu kasoro kidogo. Wanachuo wakapiga hesabu ardhini kwa kijiti, nao hawakukosea sana.

Mzee alizitazama tarakimu zile muda mrefu, kisha akauliza, "Na huko kupita Dodoma, kuna nyungo?"

Tukamjibu kwamba wenye elimu hudhani ziko, lakini nuru yake haijafika, na nyingine haitafika kamwe, kwa kuwa njia yatanuka upesi kuliko iwezavyo kwenda.

"Maskini jongoo," akasema mzee, akang'oa fimbo akatusaidia kuirudisha ghalani.